Safari ya Kwenda Kutikiswa

Jumapili, tarehe 7 Juni

Sebuleni kwangu kumefanyika mkutano na mimi sikualikwa. Sebuleni kwangu! Kitambaa cha meza nilichokidarizi kwa mkono wangu kimetandazwa ramani juu yake, na ramani yenyewe ina doa la oili. Vijana watano, viatu vimejaa mlangoni. Nimepita na chai mara ya kwanza, wakanyamaza. Mara ya pili, wakanyamaza. Mara ya tatu nikasahau sukari kwa makusudi ili niwe na sababu ya kurudi. Ndipo nikasikia. Mlima. Jumamosi hii. Magari matatu. Njia ya mawe, korongo upande mmoja, mto usio na daraja.

Na anayepanga yote hayo ni nani? Kitinda mimba wangu. Binti huyu huyu niliyembeba mgongoni mpaka akawa anaburuza miguu. Sasa ana miaka ishirini na minne, ni fundi magari, anajiona kakua.

Nikauliza huko juu kuna nini. Wakasema hakuna kitu. Nikauliza wanamfuata nani. Hakuna mtu. Kwa hiyo barabara ya lami ipo, inapita chini ya mlima, imenyooka, na wao wanaiacha kwa hiari yao ili wapande mawe, wafike juu, wageuze, washuke. Nikawaambia ugonjwa huo wautafutie dawa. Wakacheka. Sikuwa nachekesha.

Lililoniuma zaidi: baba watoto alijua. Yeye ni kinyozi, habari za mji mzima zinadondoka dukani kwake pamoja na nywele. Kajua wiki nzima, kakaa nazo, anakula chakula changu ananitazama. Na wifi naye alijua! Dada yake huyo huyo mume wangu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Mwanawe wa kiume, wanayemwita Spana, anafanya kazi gereji moja na binti yangu na ataendesha gari mojawapo. Kwa hiyo wifi kajua kabla yangu. Mimi niliyezaa.

Binti kasema aliogopa nitakasirika. Nikamwambia sijakasirika. Nikaliweka sinia chini. Vikombe viwili vikavunjika vyenyewe.

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Mpango wa leo: kuumwa. Mtoto mwenye huruma hawezi kumwacha mama yake kitandani akaenda kutikiswa mlimani.

Nimeanza asubuhi, kabla hajatoka. Nimeshika kifua. Nikakumbuka moyo uko kushoto, nikahamisha mkono. Binti kashtuka kweli, midomo imemkauka. Nikajisikia vibaya. Kidogo tu. Kanipeleka zahanati kwa gari la gereji, lile lile refu la mlimani, ambalo kulipanda ni kama kupanda kitanda cha juu. Kila kona nimelia. Kaniuliza hiyo ni moyo au ni kona.

Muuguzi wa zahanati namjua. Nilimshonea sare mimi. Kwa hisani ile angeweza kuniongezea hata presha kidogo. Hapana. Kanipima mara mbili, kasema presha yangu ni ya msichana wa shule. Kasema mama huyu mlima anaupanda hata kwa miguu. Kasema mbele ya binti! Sare yake ijayo naibana kwapani.

Tumerudi nyumbani. Mlangoni kazima gari, hakushuka. Kasema maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema:

"Mama, sikukuficha kwa ubaya. Mambo yangu nataka uyajue wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote. Lakini kila nikikuambia jambo, unalishika mpaka linavunjika. Hili likivunjika, sitakuambia jingine."

Nimemwambia nimeelewa. Nimeingia ndani nikakaa kwenye cherehani. Nimeshona sketi nne za shule kwa hasira. Zote nne mifuko iko nje.

Jumanne, tarehe 9 Juni

Kuelewa nimeelewa. Ndiyo maana sikumgusa yeye. Nimemwendea bosi wake.

Gereji ni uwanja uliojaa vyuma. Gari moja liko juu ya magogo, chini yake imetokeza miguu ya mtu. Nimeitambua kwa soksi, ni ya Spana, soksi ambazo wifi anamfumia mwenyewe na kutangaza. Bosi kakalia kiti cha gari ambacho hakina gari. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga njia nzima: binti yangu ana kizunguzungu cha mahali pa juu, tangu utotoni, ni siri ya familia, naomba amtoe kwenye safari kwa upole.

Kabla sijafungua mdomo, Bosi kasema kafurahi kuniona. Kanieleza. Anataka kufungua kazi ya kupeleka wageni mlimani. Wageni wanatoka mbali, wanalipa, ili watikiswe. Nimemwuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa. Safari ya Jumamosi ni majaribio. Baada yake atachagua dereva mkuu mmoja, mkataba wa maandishi, kazi ya kudumu. Ni binti yangu au ni Spana. Halafu akaongeza, bila ubaya, kwamba mama yake Spana alipita jana. Kasema mwanawe hana mfano. Kasema binti yangu naye si mbaya, tatizo mama yake kamlea kwa woga.

Kwa woga! Mimi!

Damu imenipanda mpaka kwenye masikio. Kizunguzungu cha familia kikayeyuka pale pale. Nikasikia mdomo wangu unamwambia Bosi kwamba binti yangu aliendesha trekta akiwa na miaka tisa. (Alikaa juu yake tukampiga picha. Lilikuwa limezimwa.) Kwamba amevuka mito. (Dimbwi, nyuma ya soko.) Kwamba haogopi kitu. Kwamba mimi mwenyewe napanda gari lake kwenda popote, macho nimefumba.

Bosi kayaandika yote. Kasema basi vizuri sana, binti ndiye atatangulia, mtoni na kwenye mawe. Na kwa kuwa wageni wengi watakuwa watu wazima, mimi nitapanda naye kama abiria wa majaribio. Abiria akirudi anacheka, dereva kafaulu.

Nilienda kumtoa mwanangu mlimani. Nimerudi nimemweka mbele kabisa, na mimi nimejifunga ubavuni pake. Nina hasira na Bosi, na trekta, na huu mdomo. Nimepita kwa wifi bila kumsalimia. Kanisalimia yeye, kwa sauti ya asali, ili kuniudhi.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Wifi kasikia mimi ni abiria. Kabla ya saa sita naye kashakuwa abiria, gari la Spana. Yule hata ngazi za ghorofa hupanda kwa kushikwa mkono.

Kikao cha maandalizi kimefanyika tena, mara hii nimealikwa. Nimekaa mbele. Binti kasoma orodha: kamba nene, sepetu, minyororo, redio za kuzungumziana gari kwa gari, tairi la akiba, sanduku la huduma ya kwanza. Nikanyoosha mkono. Nikaongeza mablanketi kumi, godoro, sufuria kubwa, jiko, gunia la mkaa, mwavuli, na ile cherehani yangu ndogo ya mkono, mtu akichanika. Binti kaeleza taratibu, kama anayemweleza mteja, kwamba kitu kizito kikikaa juu ya gari, gari huelemea upande na kupinduka. Kakata vyote. Kabakiza mwavuli.

Wifi akatikisa kichwa kwa huruma. Kasema yeye atabeba kimfuko tu, safari si kuhama nyumba. Wifi huyu! Anayeenda sokoni na vikapu vitatu na mtu wa kuvibeba!

Chakula wamempa yeye. Mkate na mayai ya kuchemsha. Mimi nimepewa maji. Nichemshe maji, niyapoze, niyatie kwenye madumu. Nani amewahi kusifiwa kwa maji? Nani amewahi kuomba aongezwe maji akasema mama, umeyapikaje?

Mwisho Spana akasoma sheria za abiria. Mkanda muda wote. Usimguse dereva. Usipige kelele. Mahali pagumu mtu mmoja anashuka, anasimama mbele na kumwongoza dereva kwa mikono, wengine wote kimya. Alipofika kwenye kimya, chumba kizima kikanitazama. Sijui kwa nini. Nikauliza kwa nini, kwa sauti, kwa muda mrefu, mpaka kikao kikavunjika.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Nimeamua kujifunza. Mtu asiyejua ndiye anayechezewa.

Gereji siwezi kwenda, binti yuko kule. Nimekwenda kwa fundi baiskeli wa kona, mzee ambaye ameshika magurudumu tangu mimi sijaolewa. Nimemwuliza jambo moja tu: chombo kikienda kwenye mawe, kinachoua ni nini? Hakufikiri hata. Kasema upepo. Tairi lisiloshiba upepo likigonga jiwe, ringi inakunjwa, umekwisha. Kasema kwenye mawe ujaze mpaka ukiligonga kwa kidole lilie kama ngoma.

Huyo ndiye mwalimu. Dakika mbili, nimeelewa. Vijana wameongea siku nne, sijasikia mtu akitaja upepo.

Kaniazima pampu ya mguu, ina midomo miwili, mmoja wa baiskeli na mmoja wa gari. Nimeificha chini kabisa ya sanduku la madumu ya maji. Maji hakuna anayeyaangalia.

Jioni nimemshonea binti mto wa kukalia, kitambaa kilichobaki kwenye pazia la sebuleni. Amekuwa na maumivu ya kiuno kwa kulala chini ya magari. Kaupokea, kauminya, kanikumbatia na mikono yake inanuka grisi. Akasema asante, mama, ananyanyua nyanyua mto kama anayeupima uzito. Nikamwuliza anapima nini. Kasema anaangalia kama nimeshonea kitu ndani.

Nilikuwa nimeshonea kitunguu saumu kimoja tu. Nimekitoa.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Baba watoto kaniita dukani, kanikalisha kwenye kiti cha wateja, kanifunga hata kile kitambaa shingoni ili nisiondoke. Kasema kesho nishike mkoba wangu kwa mikono miwili tangu asubuhi mpaka kurudi. Nisiuachie kwa lolote. Mikono yangu ikiwa na kazi, kasema, mtoto wetu atapata kazi.

Nimemwambia kama yeye ana akili hivyo, apande yeye. Kasema yeye anaogopa.

Halafu, kwa kuwa hajui kunyamaza akianza, kanipa na umbea. Spana alikuja kunyoa jana. Kawaambia wenzake kwamba Jumamosi atamwacha binti yetu nyuma aone vumbi.

Nimetoka na kitambaa shingoni. Nimefika nyumbani ndiyo nikakiona.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kukaa siwezi.

Tumeondoka kumepambazuka. Magari matatu, la binti yangu mbele, la Spana katikati, la Bosi nyuma. Mkoba mikono miwili. Kwenye lami nilikuwa abiria mwema, aulizwe yeyote. Tumefika chini ya mlima, lami ikaisha, tukasimama. Wakashuka wote kunyoosha miguu. Mimi nilibaki nalaza nywele. Na kwenye kioo cha pembeni nikaona.

Spana. Kachuchumaa kwenye tairi la nyuma la gari la binti yangu. Upepo unatoka, ssssss. Akahamia tairi la pili. La tatu. La nne. Akasimama, akafuta mikono, akaenda zake kama mtu aliyemaliza kuswaga mbuzi.

Sikupiga kelele. Nimetimiza sheria. Nilisubiri. Bosi akawachukua wote kwenda kuupima mto kwa miguu, mbali kidogo, wanachomeka fimbo majini, wanabishana. Wifi naye kaenda na mayai yake. Zaidi ya saa nzima. Nikashuka. Matairi ya mwanangu yamelegea, matumbo nje. Nikazunguka nikatazama gari la Spana. Nalo limelegea! Nikajua Mungu hasinzii: kamfanyia mwenzake, naye kakanyaga misumari. Nikatazama la Bosi. Limelegea pia. Nikasema njia hii ni mbaya kuliko nilivyodhani, imetutoboa sote. Lakini kila mama na wake. Mimi najaza la mwanangu.

Nikatoa pampu. Nimekanyaga mpaka viatu vikaniponyoka. Matairi manne. Jasho limenitoka hadi machoni, natukana kwa kila pumzi, yale matusi ya bibi yangu ambayo nilidhani nimeshayasahau. Nimegonga kwa kidole. Yanalia kama ngoma. Nikarudisha pampu, nikashika mkoba mikono miwili, nikakaa.

Mto tumeuvuka. Maji yamefika kwenye vidole vyangu, nimenyamaza. Baada ya mto yakaja mawe, na gari likaanza kuruka. Si kutikisika. Kuruka. Kichwa changu kimegonga paa, mwavuli umefunguka wenyewe. Binti kakunja uso, anasikiliza gari kama daktari. Akasema hili gari lina nini leo. Kisha tukafika kwenye ule mwamba wa kupanda, umelala kama paa la nyumba, na korongo kushoto. Tumepanda nusu. Matairi yakaanza kuzunguka bure. Gari likateleza, kwa ubavu, taratibu, kuelekea kushoto.

Mkoba niliutupa. Nikashika kitu cha kwanza nilichokipata, ilikuwa ile redio ya kuzungumziana, nikaibana kwa mikono miwili nikaanza kuomba. Sikujua kwamba ukibana kile kitufe, magari yote yanakusikia. Nikamwambia Mungu amchukue yeyote lakini si huyu. Nikatubu. Nikasema wifi nimemsema vibaya miaka ishirini na sita, na yote ilikuwa kweli. Nikasema Mungu, umeona jinsi Spana alivyotoa upepo, na umeona jinsi mimi mja wako nilivyoujaza wote kwa mguu wangu, sasa kosa langu liko wapi?

Binti kanitazama. Mara moja. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemzaa.

Kaweka gia ya nyuma. Hakukanyaga breki. Kaliachia gari lishuke kinyumenyume kwa nguvu ya injini, hatua kwa hatua, shingo kaigeuza, mkono mmoja kwenye usukani, kama anayemshusha mtoto kitandani bila kumwamsha. Tulifika chini.

Wakaja wote. Binti kaweka kipimo cha upepo kwenye tairi, kakisoma, kamwonyesha Spana, Spana kafumba macho. Ndipo Bosi akanieleza. Kwenye mawe upepo hupunguzwa kwa makusudi, ili tairi lilale juu ya jiwe na kulishika. Magari yote matatu. Spana alitoa upepo kwa sababu binti yangu alimwomba amsaidie. Nikasema fundi baiskeli alisema. Nikasikia nilichokisema, nikanyamaza.

Wifi alikaa kwenye jiwe. Alikuwa anamenya yai. Alimenya polepole sana.

Bosi kafungua daftari lake. Kauliza, abiria huyu ni wa nani? Nilitaka korongo linifuate pale nilipo. Nikafungua mdomo niseme ni kosa langu, binti hahusiki, apewe kazi, mimi nifungwe. Kanitangulia.

"Wa kwangu," kasema binti. "Kosa ni langu. Nilisoma uzito wa mizigo, nikasoma kamba na minyororo, lakini sikumweleza abiria wangu kwa nini tunatoa upepo. Angejua, asingejaza."

Bosi kaandika kitu. Hakuonyesha mtu. Akafunga daftari.

Wakatoa upepo tena. Tukapanda. Kwenye ule mwamba gari limetambaa kama mjusi, halikuteleza hata kidogo. Tukafika juu. Nikatazama huku na huku. Hakuna kitu, kama walivyosema. Mawe na upepo wa bure. Mji wetu uko chini, mdogo, ungeutia mfukoni. Binti kasimama karibu na ukingo anautazama, uso wake umefunguka kama alipokuwa na miaka sita. Nilitaka kumwita arudi nyuma. Sikumwita. Nilihesabu hatua zake mpaka ukingo, zilikuwa tisa.

Kushuka alitazama njia tu, mimi nikatazama mkoba.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Kimya. Kanisalimia. Kala. Kasema chumvi inatosha. Kaosha chombo chake. Nimemwuliza mambo ya gereji vipi, kasema salama. Salama! Neno la kumpa mpita njia!

Baba watoto kaniambia nimpe muda. Nikamwambia muda anao, wenye kukosa ni mimi. Nikamwambia pia kwamba mkoba wake haukusaidia.

Wifi kaja kuniona. Kaleta mayai yaliyobaki. Kasema kile nilichosema redioni, kuhusu miaka ishirini na sita, amekisamehe. Kakaa saa mbili akinisamehe.

Jumatatu, tarehe 15 Juni

Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Binti karudi mapema, nguo za kazi hajavua. Kasimama mlangoni. Nilijua. Nikajua kakosa, na kakosa kwa sababu yangu, na amekuja kuniambia kwamba anahama. Nikaanza kulia kabla hajasema. Mchele ukalowa.

Kapata.

Kazi ni yake! Dereva mkuu. Spana ni dereva wa pili. Bosi kamwambia magari yanaharibika na abiria wanaharibu, hilo yeye halishughulikii. Anachotaka ni mtu atakayeshusha gari kinyumenyume huku abiria anatubu sikioni mwake, kisha afike chini asimlaumu. Kundi la kwanza la wageni ni Jumamosi hii.

Nikamwuliza baba yake anajua? Kasema bado. Shangazi yake? Bado. Kasema, "Nimekuja kwako kwanza."

Hapo nililia vizuri.

Kaningoja nimalize. Kisha kaniomba kitu kimoja. Niape. Sitagusa gari lolote, tairi lolote, wala kamba. Sitamwendea Bosi. Sitaongea na wageni. Nimeapa. Nimeweka mkono juu ya cherehani yangu nikaapa, neno kwa neno, naye anahesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Karidhika. Kanibusu kwenye paji la uso, kaniachia alama ya oili.

Nikatembea hadi kwa wifi. Taratibu, kama ninayepunga hewa.

Jumatano, tarehe 17 Juni

Siku mbili sijala. Kila nikifumba macho nauona ule mwamba. Jumamosi yupo pale tena, na Jumamosi nyingine, na nyingine. Kazi ya kudumu! Nani aliyebuni maneno hayo?

Kiapo changu ni kiapo. Gari sigusi. Tairi sigusi. Kamba, Bosi, wageni, sigusi. Lakini nimekipitia chote, neno kwa neno, asubuhi nzima. Mlima haukutajwa.

Kikundi chetu cha washonaji tuko tisa. Nimewaeleza, wote ni mama, hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Majembe sita, sururu mbili, nyundo kubwa moja ya mume wa katibu wetu. Dereva wa lori la mchanga namshonea suruali za wanawe, kakubali kutupeleka Ijumaa asubuhi hadi mtoni, na mchanga wake. Tutafukia mashimo. Tutachonga ngazi kwenye ule mwamba. Yale mawe tutayasukumia korongoni, moja moja, mpaka njia ilale kama sakafu ya sebule.

Wifi kasikia. Kaja mbio na sepetu. Mwanawe naye anapita hapo hapo. Ni mara ya kwanza tumekubaliana jambo tangu harusi yangu, na karibu nimbusu.

Binti kanieleza, ni kweli, kwamba wageni wanakuja kwa ajili ya yale mawe. Nimemsikia. Lakini wageni hao wametoka mbali, hawajui wanachokitaka. Nani amewahi kukasirishwa na njia nzuri? Watapita, watafika juu wamekaa vizuri, nywele hazijavurugika, watamshukuru mwanangu. Bosi atamwongezea cheo. Hatumwambii mtu. Iwe zawadi.

Wifi kauliza tuanzie wapi. Nimemwambia tuanze na lile jiwe kubwa kuliko yote, ambalo Bosi amelipiga picha akaibandika mlangoni pa gereji kwa ajili ya tangazo.